Gari Lililokula Mbuzi

Kwa siku sita za juma Mulongo ni mtu mwenye akili zake timamu, na mji mzima wa Kamina utakuapia hivyo. Yuko kwenye kinu chake cha kusagia mahindi nyuma ya stesheni ya reli, nyusi nyeupe kwa unga, sauti juu hata anapozungumza na mtu aliye mbele ya pua yake, maana mashine imemzoesha hivyo. Akina mama wanampenda kwa sababu hampunji mtu unga. Siku ya saba anatoka kanisani, anakula bukari, ugali wake, mbio mbio kama anayefukuzwa, halafu anajilaza chini ya gari la marehemu baba yake, na akili zote zinabaki mlangoni.

Gari lenyewe lina jina, Acha Baseme. Baba yake aliliandika kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele siku zile lilipokuwa teksi, kwa kuwa majirani walimsengenya sana kwa kununua gari kabla ya kuezeka nyumba. Basi waache waseme. Mzee aliendesha, majirani wakapanda, na wale waliomsema zaidi ndio waliokuwa wa kwanza kumgongea mlango usiku wake zao wakishikwa na uchungu. Sasa gari limezeeka. Rangi yake ya kwanza haijulikani tena, mlango mmoja wa nyuma umefungwa kwa waya, na likiwashwa asubuhi kuku wa jirani wanakimbilia uvunguni. Mzee alipofariki, ndugu walitaka liuzwe kama vyuma chakavu. Mulongo aligoma katakata. Alisema atalipeleka kwenye mashindano, na ndugu wakaondoka wakitikisa vichwa.

Mashindano hayo watu wanayaita course. Kila mwaka mvua zinapokoma, madereva, mafundi na wafanyabiashara wachache hukutana kwenye kiwanja kikubwa kando ya tuta la reli, wakafukuzana na magari yao makuukuu kuzunguka njia ya udongo mwekundu. Hakuna anayelipwa, na wengi hurudi nyumbani wakisukuma. Mbio zinazopendwa kuliko zote ni za kwanza za msimu, kwa sababu ndizo pekee ambazo zawadi yake ni mbuzi. Zinazofuata ni tairi, dumu la oili, vitu vya namna hiyo ambavyo haviliwi.

Na katika habari hii mwenye kesi ni mbuzi.

Kwa Waluba, wa Katanga na wa Kasai vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno, wanamtuma mtu. Haya hiyo, nyumbani kwa kina Kapinga, mama mkwe wa Mulongo, inaondolewa kwa mbuzi mmoja: mkwe anampa mama mkwe, mbuzi anachinjwa, wanakula pamoja, na tangu siku hiyo wanasemezana kama watu wengine. Ila si mbuzi wa kununua sokoni asubuhi na kumleta mchana. Lazima awe ametoka katika jasho la mkwe mwenyewe.

Mulongo alimwoa Tshiela, binti wa Kapinga, miaka tisa iliyopita. Mbuzi alikuwapo. Alizaliwa uani kwake, akamlisha pumba za kinu mpaka akanenepa kama diwani. Kisha mwaka jana, karibu kabisa na mbio za kwanza, gia za Acha Baseme zikavunjika. Gia nyingine zilipatikana kwa muuza samaki mmoja wa Bukama, ambaye alitazama huku, akatazama kule, akasema anachotaka yeye ni yule mbuzi. Mulongo alihangaika moyoni kwa muda mfupi sana, na huo ufupi ndio uliomponza. Mbuzi akapanda treni kwenda Bukama, gia zikashuka. Na gari? Lilizimika kabla ya kumaliza hata mzunguko wa kwanza, mbele ya kanisa zima.

Wakati huo Kapinga alikuwa Mwene-Ditu, huko Kasai, lakini habari ya aibu haihitaji tiketi. Mwaka huu alipokuja kumsaidia Tshiela, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, alikuja nayo. Alikaa sebuleni kama mtu aliyekuja kukaa, na Mulongo akawa anaingia nyumbani kwake mwenyewe kwa mlango wa jikoni, ameinamisha kichwa, akipita ukutani kama mwizi. Akawa anakula kinuni. Hatimaye neno likaja, kupitia mdomo wa Tshiela, aliyemwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Papa Banza, mama anasema ile motokari ilikulaka mbuzi yake. Basi irudishe. Kama kwa course ya kwanza hairudishe mbuzi, itoke mu hii lupango, mu kiwanja yetu. Iende Bukama, kule mbuzi ilikwenda."

"Na weye, unasema nini?"

"Minyi niko mutoto ya mama," alisema Tshiela, akimgeuzia mtoto titi la pili. "Na nimechoka kulala na muntu mwenye kunuka oili."

Mulongo alifahamu kwamba hapo hakuna rufaa. Yule muuza samaki alikuwa amekwisha kulimezea mate gari lenyewe, alitaka kulikata mgongo alifanye la kubebea samaki. Mulongo alitoka uani, akaweka mkono juu ya bodi, mahali ambapo baba yake alizoea kuegemea akisubiri abiria. Akaapa kwamba mbuzi atapatikana.

Siku ya mbio ilianza vibaya. Mvua ambayo kila mtu aliamini imekwisha ilirudi usiku kuaga, ikaacha kona ya tatu imekuwa uji mtupu. Hata hivyo watu walijaa. Walikuja wauza karanga, wauza maji ya pakiti, kwaya mbili zikiwa bado na sare, na familia za askari kutoka Base, kambi ya jeshi, zikimshangilia Ruffin, fundi umeme, mtoto wa sajini, ambaye gari lake jeupe lilikuwa limeoshwa kana kwamba linaoa. Mbuzi, dume mweupe mwenye sikio moja jeusi, alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza ya mzee Matthias. Huyu Matthias zamani alikuwa mkuu wa treni. Sasa ndiye mwamuzi wa course, na bado ana filimbi yake ya kuruhusu treni kuondoka.

Tshiela alikuja na mtoto mgongoni. Kapinga alikuja pia, akakaa mbali juu ya kigoda, amempa Mulongo ubavu kama heshima inavyotaka. Kila mtu alielewa kwamba amekuja kulizika gari.

Mulongo aliwasha injini ipate joto. Ikanguruma vizuri, ikakohoa, ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Noé, fundi wake na rafiki yake tangu shule ya msingi, aliingiza kichwa chini ya boneti, akatoka na uso wa msiba.

"Pompe ya essence imekufa," alisema.

"Leo? Noé, leo?"

"Ilikuwa ichague siku gani? Leta bidon."

Kila dereva wa njia za porini anaijua dawa hiyo. Pampu ikifa, unatia petroli kwenye dumu dogo, unachomeka mpira, mpira unapita dirishani hadi kwenye kabureta, na petroli inashuka yenyewe mradi dumu liko juu. Ila lazima awepo mtu wa kulishika. Kazi hiyo ilikuwa ya Noé, kwa sababu alikuwa ndiye convoyeur, yaani utingo, wa Acha Baseme. Kwenye course hii gari halipangwi mstarini bila convoyeur wake, kama vile lisivyokwenda porini bila mtu wa kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Noé alifunga mpira, akajaribu, injini ikawaka. Alikuwa anainuka huku akitabasamu pale mpira wa rejeta ulipopasuka, na maji yanayochemka yakamrukia mkono wa kulia.

Walimmwagia maji baridi, wakamfunga kitambaa. Mpira wa rejeta wakaubana kwa waya. Lakini mkono ulikuwa umevimba, vidole havikunji. Noé alijaribu kushika dumu, akauma meno, likamponyoka. Machozi yakamlengalenga, na hayakuwa ya maumivu peke yake.

Mulongo alizunguka akiomba mtu. Vijana waliokuwa wakijigamba asubuhi walikumbuka ghafla kwamba wameitwa nyumbani. Nani akae ndani ya gari bovu, linarukaruka, amekumbatia petroli wazi? Mmoja alimwambia bila kificho kwamba ana watoto. Magari mengine sita yalikuwa yamekwisha kupangwa. Matthias akapita na filimbi shingoni, akisimama mbele ya kila gari, akiuliza swali lake la kila mwaka.

"Acha Baseme! Iko na muntu?"

Mulongo aligeuka. Alimtazama Noé, Noé akatazama chini.

"Nauliza mara ya pili. Acha Baseme, iko na muntu?"

"Papa Matthias, tuanze, jua inakwenda," alipaza sauti Ruffin kutoka garini mwake. Hakuwa na ubaya, alikuwa na haraka tu. "Unaona mwenyewe. Haina muntu hii."

Watu wakacheka. Na huko mbali, juu ya kigoda, Kapinga akageuza kichwa.

Hapa inafaa kusema kidogo juu yake. Kapinga alizaliwa Kamina, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa fundi wa njia. Alikuwa hajui mji mwingine. Kisha ikaja ile miaka ya tisini ambapo watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, naye akajikuta kwenye jukwaa la stesheni ya mji wake mwenyewe, Tshiela mchanga mgongoni, akisubiri treni isiyokuja. Waliopita waliuliza, hawa ni watu wa nani? Hakuna aliyejibu. Wengine walikuwa wamecheza naye utotoni, nao walitazama pembeni. Treni ilimshusha Mwene-Ditu, akauza petroli kwa chupa kando ya barabara mpaka binti yake akakua, na binti, kama kichekesho, akaolewa Kamina. Kapinga alikuwa amesamehe mengi. Lakini neno lile, kwamba kitu fulani hakina mtu, lilimchoma kila alipolisikia, hata likisemwa juu ya kuku.

Alisimama. Akakaza kitenge kiunoni.

"Iko na muntu," alisema.

Kiwanja kizima kikageuka. Tshiela alikuwa wa kwanza kupata ulimi.

"Mama! Weye na mukwe wako, mu motokari moya?"

"Ile mbuzi ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Basi minakwenda kuikamata minyi mwenyewe. Bidon iko wapi? Na bale benye kuvuta tumbaku batoke hapa!"

Matthias alikuna kichwa. Sheria ilitaka mtu. Haikusema mtu gani. Ilibaki sheria nyingine, ile ya mama mkwe, na hiyo Tshiela aliitatua mwenyewe. Alimfungua mtoto mgongoni, akampa Noé amshike kwa mkono mzima, akachukua kile kitenge cha kubebea na kukitundika ndani ya gari, mbele kwenye kioo cha ndani, nyuma kwenye waya wa taa ya dari. Pazia likawagawa kushoto na kulia. Kapinga akaingia upande wake bila kutazama, dumu mapajani. Mulongo alikuwa amekwisha kukaa, shingo ngumu kama mti, jasho likimtoka kabla hata ya mbio. Miaka tisa ilikuwa imepita bila yeye kukaa karibu na mwanamke huyu, na sasa alisikia pumzi zake.

Filimbi ikalia. Magari sita yakaruka. Acha Baseme likatoa pumzi moja ndefu, likazima.

Mulongo alifumba macho. Basi, alijisemea, imekwisha, samaki watapanda. Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya utulivu, ikizungumza na dashibodi.

"Weye Baseme, sikia. Mupira ilikunjika ku dirisha. Sasa imenyooka. Ambia bwana yako awashe."

Alikawia kidogo kuelewa. Mama mkwe hasemi na mkwe bila mtu wa kati, na ndani humo mtu wa kati alikuwa gari. Akawasha. Likawaka.

"Baseme, ambia mama aksanti," alisema Mulongo.

"Baseme, ambia bwana yako aksanti ni ya kisha. Akanyage."

Akakanyaga. Walikuwa wa mwisho, wako mbali na wenzao kiasi kwamba wauza karanga walikuwa wameanza kuvuka njia. Lakini jambo la ajabu likaanza kutokea ndani ya injini. Noé, kwa ufundi wake wote, angeshikilia dumu juu tu na kumwomba Mungu. Kapinga alisikiliza. Kwenye njia iliyonyooka, injini inapokuwa na kiu, aliliinua dumu mpaka likagusa dari. Kabla ya kona alilishusha, kabureta isije ikazama. Sauti ikikonda anainua, ikiwa nzito anashusha. Miaka ile ya kumimina petroli kwenye matangi ya watu, akisubiri kusikia kama gari litaondoka au litarudi kumgombeza, ilikuwa imemfunza. Mulongo hakuwahi kulisikia gari la baba yake likiimba namna hiyo. Nywele zilimsimama.

Mzunguko wa pili, kona ya tatu iliwameza wawili. Gari la muuza mikate lilikuwa limezama mpaka milangoni, na gari la pili limelala ubavu, dereva wake akilisukuma bila mafanikio. Acha Baseme likapita katikati yao, likaruka tuta, na pazia la Tshiela likang'oka mbele, likapepea, likatoka dirishani likaenda zake. Sasa hapakuwa na kitu kati yao. Wote wawili walikaza macho mbele kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

"Baseme," alisema Kapinga baada ya muda, "ambia bwana yako, kwa ile kona ya matope apite inje, kule kwa majani. Chini ya majani kuko majiwe ya rail. Baba yangu na benzake njo balimwaga pale. Nilichezaka pale."

Mulongo alitazama. Nje ya kona palikuwa na majani marefu, yamelala kwa mvua, na hakuna gari lililowahi kupita huko tangu course ianze.

"Baseme, ambia mama kule tutateleza. Ndani njo njia."

Mtu akiwa na usukani mkononi hujiona anajua. Alipita ndani, kama kila mwaka. Tope likamshika magurudumu ya nyuma, gari likazunguka likatazama lilikotoka, na magari mengine mawili waliyokuwa wameyapita kwa jasho yakawapita yakipiga honi. Tope liliingia dirishani likampaka Kapinga shavu lote. Mulongo aliona kwa pembe ya jicho, akatamani ardhi ipasuke. Kumrushia mama mkwe matope! Alisubiri matusi, na angeyastahili. Lakini Kapinga alishikilia kazi yake. Dumu halikushuka hata kidogo. Alijifuta kwa bega na kuendelea kusikiliza injini, na hilo lilimuuma Mulongo kuliko tusi lolote.

Alijikwamua. Aliendesha sasa kwa hasira yake mwenyewe, na hasira ikiwa juu yako mwenyewe si mbaya sana. Aliwapita wale wawili kwenye njia iliyonyooka mbele ya tuta la reli. Akalipita gari la muuza saruji ambalo lilikuwa linatoa moshi kama jiko la mkaa. Kengele ya mzunguko wa mwisho, ambayo ni kipande cha reli kilichotundikwa na kugongwa kwa nyundo, ililia walipokatiza mbele ya meza, na mbele yao likabaki gari moja tu, jeupe, ambalo kwa wakati huo halikuwa jeupe tena.

Watu walikuwa wamesimama. Kwaya zilikuwa zinaimba, kila moja wimbo wake. Tshiela, aliyesema amechoka na harufu ya oili, alikuwa amepanda juu ya kigoda cha mama yake na kupiga vigelegele mpaka sauti ikakwaruza.

Kona ya tatu ikaja. Ruffin akaingia ndani, polepole, kwa hesabu.

"Baseme, ambia mama naomba pardon. Tunapita inje."

"Ambia bwana yako pardon ni ya kisha. Na asipunguze moto."

Akaelekeza pua kwenye majani. Umati ukaguna, wakidhani amekata tamaa anatoka. Majani yakakwangua tumbo la gari, na halafu, chini, Mulongo akazisikia: kokoto. Kokoto ngumu, kavu, za reli, zikitafuna tairi na tairi zikizitafuna. Gari lilishika njia kama lililofungwa kamba. Likazunguka kona kwa mwendo ambao halikuwahi kuwa nao hata siku za teksi, na lilipotoka kwenye majani Ruffin alikuwa kando, kisha alikuwa nyuma, mdomo wazi.

Kapinga akacheka. Kilikuwa kicheko cha msichana, kifupi, kikamtoka bila ruhusa.

Ilibaki njia ya kunyooka na mteremko mdogo hadi mstarini. Hapo dumu likaanza kukoroma.

"Baseme, essence inakwisha," alisema Kapinga. Aliliinua, akalilaza, akalikamua kwa viganja vyote viwili kama anayekamua nguo. "Kunywa, mutoto wangu. Kunywa yote."

Injini ikakohoa. Ikashika. Ikakohoa tena, ikafa. Hakukuwa na sauti tena ila upepo na gari la Ruffin likinguruma nyuma, likisogea, likisogea. Mulongo aliegemea mbele mpaka kifua kikagusa usukani, kana kwamba uzito wake utasaidia, na Kapinga naye akaegemea, wote wawili wakilisukuma gari kwa vifua. Mteremko ukafanya kazi yake. Pua ya gari la Ruffin ikaonekana dirishani, ikafika mlangoni, na hapo hapo mstari ukapita chini yao.

Bendera haikupeperushwa, kwa sababu mbuzi alikuwa ameila nusu. Matthias aliitazama ile iliyobaki, akaitupa, akaweka filimbi mdomoni, akaipuliza kwa pumzi yake yote, ile ndefu ya kuruhusu treni.

"Acha Baseme!" alipiga kelele. "Acha Baseme!"

Gari lilikuwa limekufa kabisa, moshi mwembamba ukitoka kwenye boneti, lakini lilikufia upande wa pili wa mstari. Watu wakalivamia. Noé alikuja anakimbia, mtoto mkono mmoja, mkono mwingine wenye bandeji hewani, akilia waziwazi. Ruffin alishuka, akazunguka mpaka dirishani kwa Kapinga, akavua kofia.

"Mama, kule inje ulionaka nini?"

"Sikuona," alijibu Kapinga. "Niko muntu ya hapa."

Alikuwa anafuta macho. Filimbi ile aliijua; aliwahi kuisubiri siku nyingi kwenye jukwaa, na ilipolia hatimaye ililia kumwondoa. Leo ililia kwa ajili yake. Tshiela alipomuuliza kama analia alisema ni petroli imemwingia machoni, na kila aliyesimama karibu akakubali kwamba ni petroli.

Matthias akamkabidhi Mulongo kamba ya mbuzi. Kelele zikapungua zenyewe, maana watu wa Kamina wanajua jambo la heshima linapofika. Mulongo alijipangusa mikono kwenye suruali, ambayo ilikuwa chafu zaidi ya mikono. Akapiga magoti kwenye tope, mbele ya mama mkwe wake, kichwa chini, kamba juu ya viganja viwili. Miaka tisa alikuwa amemkwepa.

Kapinga aliichukua kamba. Alimkagua mbuzi meno, akampapasa mgongo, akaridhika. Kisha akamtazama Mulongo usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipomwoza binti yake, akamtazama bila haraka, uso wake mwenyewe ukiwa bado na tope alilomrushia.

"Mulongo," alisema.

Jina lake mdomoni mwa mwanamke yule. Akainua macho, akaogopa, akayaacha hapo hapo.

"Karibu, mama," aliitika.

"Ile kona ya tatu, pale tulizunguka mu matope, uliikamata mubaya sana."

Kiwanja kizima kikaangua kicheko, na Mulongo akacheka kuliko wote, amepiga magoti, machozi yakichora njia kwenye vumbi la mashavu yake.

"Ndiyo, mama. Nilikosa."

"Simama basi, unaharibu suruali." Kapinga akampa Tshiela kamba ya mbuzi, akarudi kwenye gari, akachukua lile dumu tupu dirishani. Alilitikisa, akalinusa, akalikumbatia ubavuni kama mtu anayebeba kitu chake.

"Course ingine iko siku gani?" aliuliza.